Chaguo Jipya au Zana Nyingine? Mipaka ya Zana Sahili za Mstari wa Amri katika Uchakataji wa Matini za Kiswahili

Ikisiri

Zana sahili za kuchakata matini, kama vile grep, sort, uniq, tr na awk, zimetumika kwa takribani nusu karne, na kwa muda huo wote watumiaji wake wamebishana iwapo ziongezewe uwezo au ziachwe zilivyo. Makala haya yanauchunguza mjadala huo kwa kutumia mifano ya Kiswahili. Yanadai kwamba swali la msingi si idadi ya machaguo ambayo zana inayo, bali ni iwapo badiliko linalopendekezwa linairekebisha dhana ambayo zana imejengwa juu yake, au linaibebesha zana hiyo kazi ya pili. Ritifaa katika ng' ndiyo kielelezo kikuu, kwa kuwa alama hiyo ndogo inaonyesha wazi pale ambapo wajibu wa zana unakoma na wajibu wa mwanaisimu unaanza.

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayetaka kujua ni maneno yapi hujitokeza mara nyingi zaidi katika matini fulani ana njia mbili. Ya kwanza ni kufungua programu kubwa iliyosheheni menyu na vitufe, akabonyeza mpaka imletee orodha. Ya pili ni kuandika mstari mmoja wa amri unaoziunganisha zana ndogondogo, kila moja ikifanya jambo lake na kulikabidhi tokeo kwa inayofuata. Njia ya pili ndiyo inayotuhusu hapa. Haihitaji fedha wala kompyuta yenye nguvu, na amri yenyewe ni maandishi: inaweza kunukuliwa katika tasnifu, ikarudiwa na msomaji, na ikapingwa.

Mwaka 1986 Jon Bentley, aliyekuwa na safu katika jarida la Communications of the ACM, alimwomba Donald Knuth aandike programu ya kutafuta maneno yenye marudio mengi zaidi katika faili. Knuth aliandika programu kamili ya Pascal, yenye ufafanuzi wa kina, iliyochukua kurasa kadhaa. Doug McIlroy, aliyeombwa kuihakiki, aliisifu, kisha akaonyesha kwamba kazi hiyohiyo ingefanywa kwa amri sita tu za zana zilizokuwepo tayari. Mlolongo ufuatao unafuata mantiki yake:

tr -cs A-Za-z '\n' < matini.txt | tr A-Z a-z | sort | uniq -c | sort -rn | head -n 20

Amri ya kwanza hugeuza kila kisicho herufi kuwa mwanzo wa mstari mpya, hivyo kila neno hukaa kwenye mstari wake. Ya pili hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo. Kisha sort huipanga mistari ili inayofanana ikae pamoja, uniq -c huikunja na kuihesabu, sort -rn hutanguliza hesabu kubwa, na head hukata ishirini za mwanzo. Kistari wima kilicho katikati ya amri huitwa bomba, kwa kuwa matini hupita humo kutoka zana moja kwenda nyingine. Hakuna hata zana moja kati ya hizi inayojua kwamba inahesabu maneno.

Sasa tuupe mlolongo huu sentensi ya Kiswahili: Ng'ombe wa mjomba wameng'oa mihogo. Tokeo la hatua ya pili ni hili: ng, ombe, wa, mjomba, wameng, oa, mihogo. Ng'ombe amekatwa vipande viwili. Hilo ni kosa linaloonekana, na mtafiti makini atalikamata. Hatari zaidi ni lile lisiloonekana. Kitenzi ng'oa kimegeuka kuwa oa. Vivyo hivyo, ng'oka huzaa oka, na ng'amua huzaa amua. Vyote vitatu ni vitenzi halali vya Kiswahili, vyenye vidahizo vyao katika kamusi, na hakuna msomaji atakayeshtuka kuviona katika orodha ya marudio. Orodha hiyo ikitumiwa kuchagua vidahizo vya kamusi ndogo, au msamiati wa kitabu cha wanaoanza kujifunza lugha, matini ya kilimo yenye kung'oa kwingi itatoa ushahidi kwamba Waswahili wanaozungumza juu ya mihogo huzungumza pia juu ya ndoa.

Kila mwaka wanafunzi wanaofika hapa huuliza swali lilelile: kwa nini tr isiongezewe chaguo la Kiswahili, tukamaliza? Ni swali zuri kuliko linavyoonekana, na jibu lake si ndiyo wala hapana.

2.0 Chimbuko la Kusitasita

Wazo la kuunganisha programu kama vipande vya mpira wa kumwagilia bustani liliandikwa na McIlroy mwaka 1964, katika waraka wa ndani wa Bell Labs, Marekani. Ilimlazimu kusubiri. Mwaka 1973 Ken Thompson aliingiza mabomba katika mfumo wa Unix, na zana zilizokuwepo zikaanza kuandikwa upya ili zisome kutoka kwenye bomba na kuandika kwenye bomba. Grep yenyewe ni zao la fikra hiyo: ni amri moja ya kihariri ed, ile ya kutafuta ruwaza katika faili zima na kuchapa mistari inayolingana nayo, iliyotolewa ndani ya kihariri na kupewa uhai wake.

Kufikia mwaka 1978, katika toleo maalumu la The Bell System Technical Journal kuhusu Unix, McIlroy na wenzake waliueleza msimamo wao kama kanuni: kila programu ifanye jambo moja na ilifanye vizuri, ikija kazi mpya, ijengwe programu mpya badala ya kuitatiza ya zamani kwa kuipachika uwezo. Kanuni hii hunukuliwa mno, aghalabu bila kutajwa sababu yake. Haikuwa sababu ya kiumbuji tu. Bomba linafanya kazi ikiwa tu kila zana inaweza kutabirika. Mtu anayetumia zana sita kwa mpigo hawezi kukumbuka hali ishirini za kila moja.

Mgogoro uliojulikana zaidi ulihusu zana ambayo huenda ndiyo ndogo kuliko zote, cat. Kazi yake ni kuunganisha mafaili na kuyatoa kwa mfuatano. Katika toleo la Unix lililoendelezwa Berkeley, California, cat iliongezewa uwezo wa kuweka namba za mistari, kubana mistari mitupu inayofuatana, na, kwa chaguo la -v, kuonyesha alama zisizoonekana. Rob Pike aliushambulia mwelekeo huo katika mkutano wa USENIX wa mwaka 1983, na mwaka uliofuata yeye na Brian Kernighan wakachapisha hoja yao kwa urefu. Walisema kwamba kuonyesha alama zilizofichika hakuna uhusiano wowote na kuunganisha mafaili. Anayehitaji huduma hiyo aihitaji pia kwa matini inayotoka kwenye sort au grep, si kwa faili lililopita kwenye cat pekee. Hivyo inastahili kuwa zana inayojitegemea, inayoweza kuwekwa popote katika bomba.

Hoja hiyo haikushinda sokoni. Kiwango cha POSIX kinaidai cat chaguo moja tu, -u, lakini cat ya GNU, ambayo ndiyo iliyomo katika kompyuta nyingi za Linux, ina machaguo mengi zaidi. Tena machaguo huzaana. Zana ya du, inayopima ukubwa wa mafaili, iliongezewa chaguo la -h ili iandike 2K au 1G badala ya tarakimu ndefu. Binadamu alifurahi, ila sort haikuweza tena kuyapanga matokeo hayo, kwa kuwa kwa hesabu ya tarakimu 2 ni kubwa kuliko 1. Dawa ikawa kuipa sort nayo chaguo la -h. Zana mbili sasa zina kipengele kimoja kila moja ambacho kisingehitajika laiti umbizo la kupendeza macho lingefanywa na zana ya tatu mwishoni mwa bomba.

Hata hivyo, anayeigeuza kanuni hii kuwa itikadi atakwama haraka. Chaguo la -o la sort, linalotaja faili la kuhifadhia tokeo, linaonekana la ziada: kwani alama ya > haitoshi? Haitoshi. Mtu akitaka kupanga faili na kulirudisha mahali pake kwa kutumia >, faili hilo hufutwa kabla sort haijaanza kulisoma, na kazi ya miezi hupotea kwa sekunde. Hapa chaguo limo ndani ya zana kwa sababu hakuna mpangilio wa zana nyingine unaoweza kulifanya jambo hilo kwa usalama bila kuunda faili la pembeni. Kwa upande mwingine, grep -c, inayohesabu mistari iliyolingana, inaweza kubadilishwa na grep inayofuatwa na wc -l bila kupoteza kitu. Ipo kwa urahisi tu, na haijamdhuru mtu.

3.0 Faida ya Zana Isiyojua Mengi

Lalamiko la kawaida dhidi ya uniq ni kwamba haiondoi marudio yote, bali yale tu yaliyo kwenye mistari inayopakana. Ndiyo maana katika mlolongo wetu hutanguliwa na sort. Kwa nini basi isijipangie yenyewe?

Tuchukue matini iliyokwisha kugawanywa neno moja kwa kila mstari, kwa mfuatano wake wa asili, bila kupangwa. Tukiipitisha kwenye uniq -d, inayochapa tu mistari inayojirudia papo hapo, tutapata orodha ya maneno yaliyofuatana na yanayofanana: haraka haraka, pole pole, kidogo kidogo, mbali mbali. Kwa amri moja tumepata data ya awali ya uradidi wa Kiswahili, angalau ule unaoandikwa kwa kutenganisha maneno. Ndani yake patakuwa na makapi, kwa mfano pale sentensi moja inapoishia kwa neno ambalo sentensi inayofuata inaanzia, na uradidi unaoandikwa kwa kuunganisha, kama polepole, hautakamatwa kabisa. Lakini uwezo huo upo kwa sababu moja tu: hakuna aliyekubali kuifanya uniq kuwa na akili zaidi. Ingekuwa inapanga kwanza, mfuatano wa maneno ungepotea na uradidi nao ungepotea.

Mfano wa pili unahusu unyambulishaji. Lugha yetu huweka sehemu kubwa ya habari za kisarufi mwishoni mwa kitenzi, na mwanaisimu anayechunguza viambishi vya kauli anahitaji orodha iliyopangwa kuanzia mwisho wa neno. Angeweza kuomba sort iongezewe chaguo la kupanga kinyumenyume. Halihitajiki. Ipo zana ya rev, ambayo kazi yake yote ni kugeuza mstari, wa mwisho uwe wa kwanza. Akiandika rev | sort | rev, pendana, pigana na onana vitakaa kundi moja. Pikia, lilia na endea vitasogeleana. Pigwa, pendwa na liwa vitapangana mahali pamoja. Aliyebuni rev hakuwa na habari za kauli ya kutendana. Na kwa kuwa amri hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya vitenzi, itafanya kazi hiyohiyo kwa vina vya mwisho vya shairi, ambako mtafiti wa fasihi huihitaji zaidi kuliko mwenzake wa isimu.

4.0 Baiti si Herufi

Mpaka hapa nimezitetea zana dhidi ya nyongeza. Yapo, hata hivyo, mabadiliko ambayo kuyakataa kwa jina la usahili ni kosa, na lugha zisizo Kiingereza ndizo zilizolipia gharama yake.

Turudi kwenye ng'ombe. Suluhisho la haraka ni kuiongeza ritifaa katika orodha ya herufi tunazoipa tr, yaani A-Za-z'. Kwa matini iliyochapwa kwa ritifaa iliyonyooka, linafaa. Lakini programu nyingi za kuandikia hubadilisha ritifaa hiyo kuwa iliyopinda, ’, bila mwandishi kujua. Kwa jicho ni kitu kilekile. Kwa kompyuta, ritifaa iliyonyooka ni baiti moja, na iliyopinda, katika usimbaji wa UTF-8, ni baiti tatu. Tr ya GNU kwa miaka mingi imesoma baiti, haikusoma herufi. Ukiiagiza igeuze ’ kuwa ', inaona maagizo matatu, moja kwa kila baiti, na ng’ombe anatoka na ritifaa tatu: ng'''ombe. Mbaya zaidi, alama za kunukuu zilizopinda zina baiti mbili za mwanzo zilezile, kwa hiyo nazo zinavurugwa na kubaki na kipande kisichosomeka. Mtafiti amerekebisha neno moja na kuharibu ukurasa mzima.

Je, kuifundisha tr kusoma herufi badala ya baiti ni kuiongezea uwezo? Nadhani sivyo. Kazi ya tr tangu mwanzo ni kubadilisha herufi moja kwa nyingine. Katika miaka ya 1970, na kwa Kiingereza, herufi na baiti vilikuwa kitu kimoja, na waandishi wa programu hawakulazimika kuvitofautisha. Vilipotengana, zana ilibaki na upande usio wake. Kuirekebisha ni kuirudishia kazi yake ya kwanza.

Historia inaunga mkono utofautishaji huu kwa namna ya kuvutia. UTF-8 ilibuniwa Septemba 1992 na Ken Thompson akishirikiana na Rob Pike, yuleyule aliyeishambulia cat -v. Muda mfupi baadaye waliibadilisha mifumo na zana zote za Plan 9, mfumo wao wa uendeshaji, ili zisome herufi za lugha zote. Katika mfumo huohuo cat haina chaguo hata moja. Kwa hiyo watu waliokataa kuweka namba za mistari katika cat hawakusita kugusa kila zana pale ilipobainika kwamba dhana ya herufi ilikuwa imepitwa na wakati. Hapana mgongano kati ya misimamo hiyo miwili. Ni msimamo mmoja.

Miaka thelathini baadaye, mwaka 2022, Brian Kernighan, akiwa na umri wa miaka 80, aliiongezea awk, lugha aliyoibuni pamoja na Alfred Aho na Peter Weinberger mwaka 1977, uwezo wa kusoma UTF-8. Kabla ya hapo, awk hiyo ilipoulizwa urefu wa neno ng’ombe lenye ritifaa iliyopinda ilijibu 9, ambayo ni idadi ya baiti. Jibu la herufi ni 7. Katika toleo la pili la kitabu cha awk, lililotoka mwaka 2023, limo pia chaguo jipya, --csv, na hili linahitaji mizani nyingine. Data ya hojaji hufika kwetu kutoka kwenye majedwali kama faili la CSV, safu zikitenganishwa kwa mkato. Msailiwa akijibu “Ndiyo, lakini si sana”, mkato ulio ndani ya jibu lake unageuka kuwa mpaka wa safu, na majibu yote yanayofuata yanasogea hatua moja kulia. Kichujio cha kutangulia awk kinaweza kuandikwa, lakini ni lazima kibadilishe mkato wa ndani kuwa alama nyingine ambayo huenda nayo imo katika data. Kazi ya awk ni kuugawa mstari katika safu. Kutambua safu zilivyoandikwa hasa ni sehemu ya kazi hiyo. Ningeliweka --csv upande uleule wa UTF-8, ingawa nakiri kwamba kesi yake si nyepesi hivyo, kwa kuwa miundo ya data ni mingi na kila mmoja una wapenzi wake.

5.0 Kiswahili Kipi?

Sasa swali la wanafunzi linaweza kujibiwa. Ikiwa tr inastahili kujua kwamba ’ ni herufi moja, kwa nini isijue kwamba ng' ni sauti moja, na ch, sh, ny, dh vivyo hivyo?

Tofauti ni kwamba jambo la kwanza ni la maandishi yote duniani, na la pili ni la lugha moja katika othografia moja. Tena hata hiyo “lugha moja” si moja. Katika maandishi sanifu, ritifaa inatofautisha ng'ombe na ngoma. Baadhi ya wahariri wa matini za lahaja za kaskazini huitumia alama hiyohiyo kuonyesha mpumuo wa konsonanti, na washairi huitumia kuonyesha silabi iliyodondoshwa kwa ajili ya mizani. Chaguo lililoandikwa --kiswahili lingelazimika kuamua mojawapo, na uamuzi huo ungefichwa ndani ya programu, mahali ambapo mtahini wa tasnifu haoni. Hati ya Kiarabu nayo inaongeza safu nyingine. Neno kitabu likiandikwa bila irabu fupi, kwa herufi nne tu, كتاب, wc -c inahesabu baiti 8 na wc -m inahesabu herufi 4. Tukilitia irabu, kama zinavyotiwa katika miswada mingi ya tenzi iliyohifadhiwa katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na SOAS, London, wc -m itaihesabu kila haraka kama herufi inayojitegemea. Iwapo haraka ni herufi au si herufi ni hoja ya kitaaluma. Sitaki wc inijibie.

Njia inayofaa ni kichujio kidogo kinachoandikwa na mwanaisimu mwenyewe na kutangulizwa katika bomba:

tr A-Z a-z < matini.txt | sed "s/[‘’ʼ]/'/g; s/ng'/ŋ/g" | grep -oE '[[:alpha:]]+' | sed "s/ŋ/ng'/g" | sort | uniq -c | sort -rn

Sed ya kwanza inazisawazisha ritifaa za maumbo yote, kisha inaigeuza ng' kuwa alama moja, ŋ. Grep -o inatoa kila mfululizo wa herufi kwenye mstari wake. Mahali pake tungetumia tr kama tr ingeelewa kwamba ŋ ni herufi. Sed ya pili inarudisha tahajia ya kawaida. Wameng'oa sasa linabaki neno moja, na oa inahesabiwa pale tu mtu alipooa. Kuna hofu kwamba nukuu iliyofungwa kwa ritifaa moja baada ya neno linaloishia na ng itachanganywa na ng', lakini maneno ya Kiswahili hayaishii hivyo; hofu hiyo inahusu majina ya kigeni tu. Ujuzi huo, kwamba silabi zetu kwa kawaida huishia na irabu, ndio unaoifanya kanuni iwe salama, na hauwezi kutegemewa kutoka kwa mwandishi wa programu aliyeko New Jersey au Helsinki isipokuwa awe amejifunza lugha.

Tukitaja Helsinki, ipo kazi inayoonyesha kiwango ambacho kichujio kinaweza kufikia. Kutafuta kitenzi piga kwa grep kunawezekana kwa kiasi: ruwaza inayotaja pig italeta alipiga, wamepigana na mpigaji, pamoja na pigo. Kutafuta kitenzi la, kama katika anakula na walikula, hakuwezekani kwa njia hiyo, maana la imejaa kila mahali, kuanzia kiunganishi cha umilikishi mpaka jibu la kukataa. Hapa panahitajika uchanganuzi wa mofolojia. Mfumo wa SALAMA, ulioendelezwa na Arvi Hurskainen katika Chuo Kikuu cha Helsinki tangu miaka ya 1980, hufanya hivyo: hupokea neno na kutoa shina lake, aina yake na viambishi vyake. Kinachonivutia kwa mjadala wetu ni nafasi yake. Tokeo la mchanganuzi wa aina hiyo likiandikwa neno moja kwa mstari, pamoja na sifa zake, grep ileile isiyojua Kiswahili inaweza kulichambua, sort kulipanga na uniq kulihesabu. Ujuzi wa miongo kadhaa kuhusu lugha yetu umeingia kwenye bomba bila zana hizo kubadilishwa hata chaguo moja.

6.0 Chaguo Lisiloandikwa

Limebaki suala moja ambalo mijadala ya nyongeza hulisahau. Chaguo lililoandikwa katika amri linaonekana na kila anayeisoma. Zipo tabia nyingine ambazo zana huzichukua kutoka katika mazingira yake kimyakimya, na sort ndiyo yenye hatari zaidi. Mpangilio wake hutegemea mipangilio ya lugha na nchi ya kompyuta inayotumika. Chini ya mpangilio uitwao C, herufi kubwa zote hutangulia ndogo, hivyo Zanzibar hukaa kabla ya abiri. Chini ya mipangilio mingi ya lugha, abiri hutangulia, kama msomaji wa kamusi anavyotarajia. Watafiti wawili, mmoja Nairobi na mwingine Zanzibar, wanaweza kuandika amri ileile kwa faili lilelile na kupata orodha mbili tofauti. Zana za join na comm, zinazolinganisha mafaili yaliyokwisha kupangwa, hutoa matokeo yenye kasoro zikilishwa faili lililopangwa kwa utaratibu mwingine.

Wala si suala la nchi tu. Maktaba ya glibc, ambayo zana nyingi za Linux huitegemea, ilibadilisha kanuni zake za upangaji katika toleo la 2.28 la mwaka 2018, na hifadhidata zilizokuwa zimejengwa kwa mpangilio wa awali zililazimika kuundiwa faharasa upya. Hapakuwa na chaguo jipya katika sort. Mwongozo wake haukubadilika. Tokeo ndilo lililobadilika.

Kwa sababu hiyo, katika tasnifu ninazozisimamia ninadai amri zote ziwekwe kwenye kiambatisho kama zilivyotumika, na kila sort itanguliwe na tamko la mpangilio wake: LC_ALL=C pale ambapo lengo ni kulinganisha mafaili, na sw_TZ.UTF-8 au sw_KE.UTF-8 pale ambapo orodha itasomwa na binadamu. Mstari unakuwa mrefu kidogo. Toleo la zana nalo litajwe, pamoja na aina ya ritifaa iliyokutwa katika matini kabla ya kusawazishwa na mara ngapi kila aina ilijitokeza. Hesabu hiyo ya mwisho hupatikana kwa grep -o inayofuatwa na sort na uniq -c.